Tazameni Jicho la Mtoto

Ndugu zangu, wazee na mama wa Kasongo na Kabambare, siku zote mimi moniteri nasema nanyi habari za mihogo na michikichi. Leo nasema habari za jicho. Mtaona mwisho kwamba ni habari ya shamba vilevile.

Mtoeni mtoto nje mchana, msimtazame kwa mwanga wa moto. Weupe wa jicho ukiwa mwekundu wenye tongo, ugonjwa huo waweza kuambukiza: kila mtu awe na kitambaa chake. Ukiwa wa manjano, ini linaumwa au malaria inaharibu damu: nendeni hospitali siku ile ile. Ndani ya kope ya chini pakikosa wekundu, damu ni kidogo.

Lakini ugonjwa mmoja hujificha. Mama mmoja alikuwa na mtoto aliyejikwaa kila jioni. Mchana alicheza na wenzake. Jua likishuka, alipapasa njia. Jirani wakasema ni uchawi. Nikatazama: weupe umekauka, hauna mng'ao, na kando ya weusi kuna doa kama povu la sabuni. Nikauliza, «Mama, mawese yako yanakwenda wapi?» Akajibu, «Yote Namoya, kwa wachimba dhahabu. Bei ni nzuri.» «Na katika chungu chako?» «Maji na chumvi.»

Huo si uchawi. Ni upungufu wa vitamini A. Wekundu wa mawese ndio unaogeuka vitamini hiyo mwilini. Ukiyachoma mpaka yawe meupe, umeiharibu. Mtoto yule alipelekwa hospitali, akapewa vitamini, akaona tena usiku. Angekawia, hasa kama angeshikwa na surua, kioo cha jicho kingeweza kulainika na kupasuka kwa siku chache. Jicho lililopasuka halina dawa.

Sikatai biashara. Lakini kabla ya kuuza debe, mama aweke chupa moja nyumbani. Kijiko kimoja kiingie katika sombe ya mtoto kila siku. Pandeni lengalenga na mipapai karibu na nyumba. Watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 wapelekwe kupata vitamini A kila miezi 6, na chanjo ya surua wasiikose.

Kesho nitapita nyumba kwa nyumba kutazama michikichi yenu. Nionyesheni na chupa ile.