Kidimbwi cha Samaki wa Dhahabu Uani



Samaki wa dhahabu hafugwi ili aliwe. Hufugwa ili atazamwe. Asili yake ni Uchina, na yapata miaka 1,000 sasa tangu watu wa huko walipoanza kumtunza katika vidimbwi kwa sababu ya rangi yake. Baadaye alipelekwa Japani, na katika karne ya 17 akafika Ulaya. Siku hizi huuzwa Nairobi pia, na mtu wa Kawangware au Kibera akitaka kuwa nao wawili watatu uani kwake, kuwapata si kazi. Kazi ni maji yao.

Katika mitaa hiyo miwili nyumba zimesongamana, na mara nyingi ua mmoja hutumiwa na wapangaji wengi. Maji ya bomba huja kwa zamu, na watu wengi hununua maji kwa mtungi wa lita 20. Watoto hucheza mlangoni. Basi mtu atakaye kuchimba kidimbwi chake cha kwanza mahali kama hapo, ana maswali matatu ya kujibu mbele ya jirani zake kabla ya kushika jembe. Je, maji ya kunywa hayatapungua kwa ajili ya samaki? Je, mtoto hatatumbukia? Je, mbu hawatazaliana? Asiyeweza kuyajibu yote matatu, heri aache. Anayeweza kuyajibu atapata kitu cha kuupendeza ua mzima, tena chenye faida.

SHAURI LA UA

Jambo la kwanza ni ruhusa. Mpangaji hana budi kumwomba mwenye ploti, kisha azungumze na wenzake wanaotumia ua huo. Katika Kibera shauri la ardhi ni zito zaidi. Mwaka 2017 jumuiya ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya ekari 288, lakini watu wengi wengine wa Kibera wanakaa juu ya ardhi ambayo hawana hati yake. Kwa sababu hiyo, kidimbwi cha karatasi nzito ya nailoni, ile inayotumiwa na wakulima kutandika mabwawa, chafaa kuliko cha saruji. Mtu akiambiwa ahame, aweza kuikunja karatasi yake na kwenda nayo, na shimo likafukiwa kwa siku moja.

Jambo la pili ni mahali penyewe. Kidimbwi kisichimbwe karibu na choo cha shimo, wala upande wa chini ambako maji machafu ya ua hutiririkia. Kisichimbwe chini ya mti unaopukutisha majani, kwa kuwa majani huoza ndani ya maji. Yafaa pawe mahali penye jua nusu ya siku na kivuli cha ukuta nusu ya pili. Wala kisichimbwe ukingoni mwa mto. Mafuriko yaliyoupata mji wa Nairobi katika mvua za masika za mwaka 2024 yalionyesha ni kiasi gani mto mdogo unavyoweza kutanuka usiku mmoja.

HESABU YA MAJI

Kidimbwi kidogo kinachowafaa samaki hawa ni chenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na nusu, na kina cha sentimita 60. Hicho huchukua lita 1,800, yaani mitungi 90. Mtungi ukiuzwa kwa shilingi 5, kukijaza ni shilingi 450. Siku za shida, mtungi ukifika shilingi 20, gharama ni shilingi 1,800. Lakini fedha si shauri kubwa. Mtu mmoja akichukua mitungi 90 kwenye kituo cha maji siku ambayo kina mama wamepanga foleni tangu alfajiri, amewanyang'anya jirani zake maji ya kupikia, na hapana uzuri wa samaki utakaowafanya wasahau.

Maji ya kidimbwi, basi, yatoke juu ya mabati. Hesabu yake ni rahisi: mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya paa lenye mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Paa la mita 4 kwa mita 5 lina mita 20 za mraba. Mvua ya milimita 10 juu ya paa hilo hutoa lita 200, na mvua tisa za namna hiyo zatosha kukijaza kidimbwi. Aprili kwa kawaida ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Nairobi, na mvua za vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Mwenye busara atachimba shimo lake mwezi wa Februari au Septemba, ili mvua ikianza imkute tayari. Maji ya kwanza ya msimu yamwagwe, maana huosha vumbi, masizi na kinyesi cha ndege kilicho juu ya mabati.

Wakati wa kiangazi maji hupungua kwa jua. Yakishuka milimita 4 kwa siku, kidimbwi hicho hupoteza lita 12 kila siku, yaani zaidi ya mitungi 4 kwa juma. Kwa hiyo pipa moja au mawili ya maji ya mvua, yaliyofunikwa vizuri, yawekwe akiba.

KUCHIMBA NA KUTANDIKA

Shimo lichimbwe kwa kina cha sentimita 40, na udongo unaotoka uzungushwe na kushindiliwa uwe tuta la sentimita 20 pande zote. Tuta hilo huzuia maji ya sabuni na matope ya uani yasiingie. Mawe, mizizi na vipande vya chupa viondolewe. Kisha chini na kuta zitandikwe mchanga au magunia makuukuu, ndipo karatasi ya nailoni iwekwe juu yake. Kupima karatasi, mtu huchukua urefu wa kidimbwi, akaongeza kina mara mbili, na sentimita 60 za kulalia ukingoni. Na upana vivyo hivyo. Kwa kidimbwi hiki karatasi itakuwa na urefu wa mita 3 na sentimita 80, na upana wa mita 3 na sentimita 30. Kingo zake zibanwe kwa mawe yasiyoyumba.

Anayependa saruji ajue kwamba saruji mpya hutoa chokaa majini, na chokaa hiyo huua samaki. Hana budi kukijaza kidimbwi, kukiacha juma moja, kukimwaga na kukijaza tena, mara tatu au zaidi. Hiyo ni mitungi 270 kabla samaki wa kwanza hajaingia. Mahali pasipo na maji mengi, kazi hiyo haifai.

MTOTO NA MBU

Mtoto mdogo aweza kufa katika maji yasiyofika magoti ya mtu mzima, tena kwa dakika chache na bila kupiga kelele. Kuzama majini ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto wadogo duniani. Kwa hiyo kifuniko si pambo la kuongezwa baadaye fedha zikipatikana. Kitengenezwe kwanza, siku ile ile shimo linapochimbwa. Fundi wa kuchomelea aweza kutengeneza fremu ya chuma yenye wavu mgumu wa matundu madogo, ya kutosha kuuhimili uzito wa mtoto, ikafungwa kwa kufuli. Wavu huo huo huzuia paka na ndege walao samaki. Na usiku ambao shimo liko wazi, lizibwe kwa mbao.

Mbu naye hutaga mayai katika maji yaliyotuama, na kutoka yai hadi mbu anayeruka huweza kupita siku 7 hadi 14 tu. Mwaka 2022 mbu wa malaria aina ya Anopheles stephensi aligunduliwa Kenya, huko Marsabit. Mbu huyo hupenda miji, na huzaliana hata katika mapipa na matangi ya maji. Samaki wa dhahabu hula viluwiluwi vya mbu kwa hamu, na kidimbwi chenye samaki wazima hakizai mbu wengi. Hatari iko katika siku ambazo maji yapo na samaki hawapo. Wakati mvua inakijaza kidimbwi kidogo kidogo, viluwiluwi viondolewe kwa chujio kila siku chache. Maji yakifika nusu, samaki wa kwanza watiwe. Na samaki wakifa wote, maji yamwagwe, yasiachwe hata juma moja.

SAMAKI WAINGIE KIDOGO KIDOGO

Baridi ya Nairobi haiwadhuru samaki hawa. Tilapia hudumaa maji yanapopoa katika mwezi wa Julai, lakini samaki wa dhahabu ni samaki wa maji baridi, na hutulia tu. Wanaokufa katika kidimbwi kipya mara nyingi hufa kwa sababu waliingizwa wengi mno mapema mno.

Sababu yake ni hii. Samaki hutoa majini uchafu wenye sumu iitwayo amonia. Wako vijidudu wema, wasioonekana kwa macho, ambao huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu; kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni mbolea ya mimea na haina madhara makubwa kwa samaki. Katika kidimbwi kipya vijidudu hao bado ni wachache, na huchukua majuma 4 hadi 6 kuongezeka. Haraka haraka haina baraka. Waanze samaki 2, wakae majuma 6, ndipo waongezwe wengine 2. Hata baadaye wasizidi 8, kwa kuwa samaki anayeonekana mdogo kama kidole aweza kukua hadi sentimita 20 na zaidi, na kuishi miaka 10 au kupita. Pipa lililokatwa nusu au karai si makao yake. Mwenye nafasi ndogo hivyo afadhali ashirikiane na jirani katika kidimbwi kimoja cha ua.

Samaki wakiletwa katika mfuko, mfuko ueleezwe juu ya maji kwa dakika 20, na maji ya kidimbwi yatiwe ndani yake kidogo kidogo, ndipo wafunguliwe. Ikilazimu kuongeza maji ya bomba, yaachwe kwanza wazi katika ndoo siku 1 au 2 ili klorini itoke.

Chakula kiwe kile wanachokimaliza kwa dakika 2, mara moja kwa siku. Katika mwezi wa kwanza siku moja wapewe, siku moja waachwe. Makombo ya ugali na mkate yasitupwe ndani, na watoto wa ua waambiwe hivyo mapema. Samaki wakionekana alfajiri wakihema juu ya maji, hewa imepungua. Maji yatekwe kwa kopo na kumiminwa tena kutoka juu, na chakula kikatazwe siku mbili.

FAIDA YA MAJI MACHAFU

Kila juma sehemu 1 ya 10 ya maji yatolewe, yaani mitungi 9, na maji mapya ya mvua yatiwe. Maji yanayotolewa yasimwagwe mtaroni, maana yana ile nitrati iliyotajwa. Katika Kibera watu wengi hupanda sukuma wiki na mchicha katika magunia ya udongo, na maji hayo ndiyo mboga zinayoyapenda. Jirani ambaye gunia lake hunyweshwa kutoka kidimbwini kila Jumamosi hatauliza tena kidimbwi kina faida gani. Mboga zioshwe kwa maji safi kabla ya kupikwa, na maji ya kidimbwi yasinywewe na mtu.

WASITUPWE MTONI

Liko neno moja la mwisho, nalo lahusu siku ambayo mtu amechoka na samaki wake. Bwawa la Nairobi, lililo kando ya Kibera, lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya mji, na kwa miaka mingi watu walitweka matanga ya mashua zao hapo. Baadaye lilijaa uchafu, na magugu maji yakalifunika. Magugu hayo asili yake ni Amerika ya Kusini; watu waliyachukua nchi kwa nchi kwa sababu ya ua lake zuri, na Ziwa Viktoria linajua yaliyofuata. Samaki wa dhahabu naye aweza kufanya vivyo hivyo. Mwezi wa Julai 2021 maofisa wa mji wa Burnsville, katika jimbo la Minnesota, Marekani, waliwasihi watu wasiachilie samaki hao ziwani, baada ya kuwakuta wamekuwa wakubwa mno na wakichimbua matope ya ziwa.

Kwa hiyo mmea wa kidimbwini uwe yungiyungi, wala yasiwe magugu maji. Na samaki wasiotakiwa tena wapewe jirani, shule au muuzaji wa samaki wa mapambo. Wasitupwe mtoni wala bwawani.

Mtu akishapata ruhusa, akawa na bati la kumletea maji na fundi wa kumtengenezea kifuniko, kazi iliyobaki ni ya jembe na ya siku mbili. Mvua itafanya nyingine.