Ununuzi wa Viwandani na Mafundi wa Hillbrow

Afisa ununuzi wa kiwanda nchini Afrika Kusini hapimi bei, ubora na muda wa kufikishiwa mali ghafi tu, kwani sheria ya mwaka 2003 ya kuwawezesha weusi kiuchumi, ijulikanayo kama B-BBEE, huipa kampuni alama kulingana na wale inaonunua kwao. Kwa kanuni za jumla, randi 100 anazolipwa mgavi mwenye daraja la kwanza la B-BBEE huhesabiwa kuwa 135, ilhali za daraja la nne hubaki 100. Biashara yenye mauzo ya mwaka yasiyozidi randi milioni 10 hupewa daraja la nne kwa hati ya kiapo tu, na la kwanza ikiwa yote inamilikiwa na weusi. Lakini "mweusi" kisheria ni raia, na uraia wa kuandikishwa una masharti yanayofungamana na mwaka 1994. Kwa hiyo fundi cherehani Mkongo wa Hillbrow, mtaa wa Johannesburg uliojaa wahamiaji, ikiwa alihamia baada ya mwaka huo, hubaki daraja la nne. Shabaha ya kufidia madhara ya ubaguzi wa rangi ni halali, ila zabuni yake ya sare ikilingana bei na ya mgavi wa daraja la kwanza, hesabu yenyewe humwelekeza mnunuzi kwa huyo mwingine.