Maji ya Dodoma na Mvua Tuliyoilaani

Ukifungua bomba leo mjini Dodoma, huenda maji unayokinga yaliingia ardhini zamani, katika mwaka ambao watu walikuwa wakiilaani mvua.

Kwa miaka mingi mji ule umetegemea visima virefu vya Makutupora, bonde lililo kaskazini mwa mji. Chini ya bonde hilo kuna mwamba mgumu wa graniti. Mwamba wa namna hii wenyewe hauhifadhi maji ya maana. Maji hukaa katika tabaka la juu, ambalo limeoza na kulainika kwa muda mrefu mno, na katika nyufa zilizo chini yake. Ndiyo maana mtu huchimba kisima akapata maji tele, na jirani yake, hatua hamsini tu kutoka hapo, akatoboa mpaka fedha zikamwishia asipate kitu ila vumbi.

Je, maji hayo hurudishwaje, na kwa kiasi gani? Hapo wataalamu huingia na kompyuta zao. Hutengeneza kielelezo cha hesabu: mvua iliyonyesha, ile iliyochukuliwa na jua na mimea, iliyozama, nyufa zinaipeleka wapi, na pampu zinavuta kiasi gani. Ni kazi ya maana sana. Lakini wapo wanaochukua wastani wa mvua, wakaikata asilimia kidogo, wakasema hicho ndicho kinachoingia kila mwaka. Kwa Dodoma hesabu hiyo inadanganya.

Tunajuaje? Kwa sababu tangu miaka ya 1950 wafanyakazi wa maji wamekuwa wakipima kina cha maji katika visima vya Makutupora. Kazi ya kuchosha, isiyo na sifa. Mwaka 2013 watafiti wa Tanzania na wa nje waliichapisha kumbukumbu hiyo, na picha iliyotokea ni ya ajabu. Miaka inapita kina kinashuka tu, ingawa mvua inanyesha. Halafu msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida unakuja, maji yanapanda kwa mara moja. Mfano mkubwa ni El Nino ya 1997 na 1998. Sisi tunaikumbuka kwa madaraja na barabara zilizochukuliwa na mafuriko. Makutupora inaikumbuka kwa kushiba.

Chukua pipa la madebe kumi. Mvua hulijaza mara moja katika miaka kumi, nawe unachota debe moja kwa mwaka. Mambo ni sawa. Sasa ongeza watoto nyumbani, uchote madebe mawili. Mwaka wa tano pipa ni tupu, na mvua yako bado miaka mitano. Anayehesabu kwa wastani atakuwa amekuahidi debe moja jipya kila mwaka, na debe hilo halipo.

Na watoto nyumbani wameongezeka kweli. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 410,000 Dodoma mjini. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Katikati hapo, mwaka 2016, Serikali ikaanza kuhamia huko kwa vitendo, baada ya kuamua jambo hilo tangu 1973. Mipango ya kuleta maji kutoka mbali imezungumzwa sana, na ni mizuri, lakini pampu za Makutupora hazikusubiri mazungumzo.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Maji mengi hayapenyei shambani. Hupenyea kwenye makorongo na mito ya msimu, kama Kinyasungwe Mdogo, ambao hukauka sehemu kubwa ya mwaka. Kadiri mto unavyotiririka siku nyingi juu ya mchanga wake, ndivyo ardhi inavyokunywa. Basi anayezoa mchanga mtoni, anayejenga juu ya korongo, au anayeziba mto huko juu, amegusa bomba la mjini bila kujua. Kielelezo kisichouona mto kimeacha mlango mkuu wa nyumba.

Bei ya petroli hutangazwa kila mwezi, na kila mtu anaijua mpaka senti. Mimi ningependa kina cha maji Makutupora nacho kitangazwe hivyo hivyo, mita kwa mita, ili mkazi wa Dodoma ajue pipa limefikia wapi na ni miaka mingapi imepita tangu lilipojaa.