Mbwa Aliyetemewa Mate na Swila

Mbwa hana mikono. Akikuta kitu kigeni kichakani hukichungua kwa pua, na macho yake huwa karibu nacho. Ndiyo sababu mbwa wa shamba huvimba macho mara kwa mara, kwa ajili ya nyuki, miiba, mbegu za nyasi na mengineyo. Lakini iko sababu moja isiyongoja kesho, nayo ni mate ya swila.

Swila hulenga uso, na sumu yake huweza kufika meta 2 au zaidi. Katika Kenya wako wa namna kadha. Yule mkubwa wa pwani alitangazwa na wataalamu kuwa aina ya peke yake mwaka 2007 tu, ingawa wenyeji walimjua tangu zamani.

Mbwa aliyepatwa hufumba macho ghafula, hulia na kusugua uso chini. Kisha kope huvimba. Kwa kawaida mate hayo hayamwui, ila huunguza ngozi angavu ya mbele ya jicho, na yakiachwa huweza kumpofusha.

Hapo mwenye mbwa asitafute dawa; atafute maji. Maji safi, tena mengi, yamiminwe polepole jichoni kwa dakika 15 hadi 20, mtu mmoja akimshika mnyama na mwingine akifunua kope. Maji yakikosekana, maziwa yatafaa. Wajihadhari, maana mbwa mwenye maumivu humwuma hata bwana wake.

Jicho lisisuguliwe, wala lisitiwe majani yaliyotafunwa. Vibaya zaidi ni matone yaliyobaki katika chupa ya mtu aliyeugua macho zamani. Baadhi yake yana kotizoni, ambayo hupunguza uvimbe na kumfurahisha mwenye mbwa, huku jeraha likizidi kuchimbika.

Akiisha kuoshwa, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku ile ile. Daktari hutia jichoni rangi inayoshika mahali palipochubuka, hata paonekane kijani, kisha hutoa dawa ya kuzuia vijidudu. Jicho lililooshwa mapema huweza kupona kwa siku chache.

Lakini macho yote mawili yakiingia ukungu polepole, pamoja na homa na kukonda, na nchi ile ina mbung'o, huenda si swila bali ni nagana. Hapo maji hayatafaa kitu. Damu ya mbwa ipimwe.