Gari la Yadi Likikataa Kuwaka

Msikilizaji, ukitoka Kitale kwenda Bungoma kupitia Kiminini na Webuye, huchelewi kuona gari limewekewa matawi nyuma, boneti wazi, mwenyewe kashika simu. Anampigia aliyemuuzia. Siku ya kulipa alikaribishwa kwa chai. Leo anaambiwa fundi hayupo, spea iko Nairobi, arudi Jumatatu. Jumatatu nayo, hadithi ni ile ile.

Kenya hairuhusu kuingizwa gari kuukuu lililozidi miaka 8, na linaloruhusiwa hukaguliwa kabla ya kusafirishwa. Lakini ukaguzi huo haumkingi mnunuzi na gia boksi iliyochoka.

Wenye yadi hupenda kudai kwamba gari kuukuu halina dhamana. Huo ni ujanja. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Wakili si lazima.

Kabla ya kulipa, nenda na fundi wako, si wa yadi. Na kila ahadi iandikwe, itiwe sahihi.