Kuchagua Hema la Kustahimili Jua, Upepo na Mvua

Hema ni nyumba ya mtu aliye safarini. Nyumba ya matofali ikivuja, mwenyewe aweza kuhamia chumba cha pili mpaka kuche. Lakini hema likivuja usiku, wote waliomo hulowa pamoja na blanketi zao na unga wao. Kwa sababu hiyo yafaa hema lichaguliwe kwa akili, wala si kwa uzuri wa rangi yake.

Mazungumzo haya yawahusu hasa watu wa Tulia na sehemu nyingine za Kitui na Makueni, ambako maskauti, vijana wa makanisa, wapima ardhi na wachungaji hulala nje siku nyingi. Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hakuna hema lililo bora kila mahali. Hema zuri ni lile linaloweza kupigana na maadui wa mahali litakapopigwa. Na katika Ukambani maadui hao ni wanne: jua, upepo, mvua ya ghafula, na mchwa.

Adui wa kwanza ni jua. Watu wengi huogopa mvua tu, kumbe jua ndilo linaloanza kazi ya kuharibu, na mvua huja kuimaliza. Kitambaa kilichokaa juani miezi mingi huonekana kizima, lakini nyuzi zake zimekwisha kudhoofika, na siku ya upepo hupasuka kama karatasi. Nailoni huharibiwa na jua upesi kuliko poliesta. Tena nailoni ikilowa hutanuka, hata hema lililokazwa vizuri jioni huwa limelegea usiku wa manane. Turubai la pamba ni zito kwa mtu wa kwenda kwa miguu, lakini hudumu miaka mingi likitunzwa, na ndani yake hapana joto kali sana. Likilowa, nyuzi zake huvimba na kuziba matundu madogo. Ndiyo sababu hema jipya la turubai hulowanishwa na kukaushwa kabla ya safari ya kwanza.

Nguvu ya jua yaonekana katika mahema ya wakimbizi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lina hema lake la jamaa, ambalo chumba chake cha ndani ni mita 16 za mraba. Hema hilo limeshonwa kwa turubai la pamba iliyochanganywa na poliesta. Hata hivyo, kwa kuwa hukaliwa mchana na usiku, linatakiwa kudumu walau mwaka mmoja tu. Basi mwenye hema la nailoni nyepesi asiliache limesimama juani majuma mengi, akatumaini kulikuta na nguvu zile zile.

Adui wa pili ni upepo. Jina la mahali ni Tulia, lakini upepo haulijui jina hilo. Nguzo za alumini hupinda, na mara nyingi zaweza kunyoshwa tena. Nguzo za faiba za bei rahisi hupasuka kwa urefu, na vipande vyake hutoboa kitambaa. Hema fupi lenye nguzo zinazopishana hustahimili upepo kuliko hema refu lenye kuta zilizosimama wima. Mambo nyembamba za waya zinazouzwa pamoja na hema hazifai katika udongo mwekundu uliokauka, maana hupinda kwa pigo la kwanza la nyundo. Zatakiwa za chuma kinene. Penye mchanga, mambo fupi hung'oka; hapo heri kufunga kamba kwenye mfuko uliojazwa mchanga na kuufukia ardhini. Mgongo wa hema na uelekezwe upande wa mashariki, kwa kuwa pepo za nchi hii hutoka huko zaidi, na mlango uwe upande mwingine.

Adui wa tatu ni mvua. Kitui ina misimu miwili ya mvua, toka Machi hata Mei, na toka Oktoba hata Desemba; na mwezi wa Novemba ndio wenye mvua nyingi kuliko yote. Mvua hiyo hushuka kwa nguvu baada ya siku nyingi za ukavu. Wauzaji huandika uwezo wa kitambaa kwa milimita, maana yake kimo cha maji yanayoweza kusimama juu yake kabla hayajapenya. Milimita 1,500 zaweza kutosha kwa mvua ndogo, lakini kwa mvua ya Novemba ni heri kutafuta 3,000, na sakafu izidi paa. Lakini namba peke yake hazitoshi. Maji hupita kwanza kwenye mishono. Kwa hiyo mnunuzi na aigeuze mishono ndani nje, aone kama imefunikwa kwa utepe. Sakafu iinuke pembeni kama beseni. Tena paa ziwe mbili zisizogusana, ili pumzi za waliolala zipate njia ya kutoka, zisigeuke kuwa matone juu ya vichwa vyao.

Adui wa nne ni mchwa, ambaye hana msimu. Turubai la pamba likiwekwa sakafuni ghalani huliwa chini kwa chini, na mwenyewe hajui mpaka siku ya safari. Hema na litundikwe juu, mbali na panya pia, wala lisikunjwe likiwa bichi, maana ukungu huozesha pamba. Tundu dogo lishonwe siku ile ile: asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Hata hivyo, hema lililo bora kuliko yote haliwezi kumwokoa mtu aliyechagua mahali pabaya. Mito mingi ya Kitui, kama vile Tiva, ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Mchanga huo ni laini, na maji ya kunywa yapatikana kwa kuchimba kidogo. Kwa hiyo wageni huvutiwa kulala pale. Lakini mvua yaweza kunyesha mbali vilimani, na maji yakafika usiku hali mbingu za kambini zina nyota. Tarehe 4 Desemba 2021, karibu na Mwingi, mto Enziu ulilichukua basi lenye wanakwaya waliokuwa wakienda harusini, na watu zaidi ya 30 walikufa. Mto ulioweza kulizamisha basi, utazuiwaje na kitambaa na kamba? Mwanzoni mwa Mei 2024 mto Talek ulifurika huko Maasai Mara, ukaingia katika kambi za watalii zenye mahema ya gharama kubwa, hata helikopta zikaja kuwatoa watu. Basi hema lipigwe juu, mbali na kingo za mto, wala si chini ya mti mkubwa wenye matawi makavu. Na jiko la makaa lisiingizwe ndani kwa sababu ya baridi, kwa kuwa hewa yake huua waliolala bila wao kusikia harufu yake.

Kikundi kilichochanga fedha zake kwa taabu kisifanye haraka dukani. Hema lifunguliwe lote, lisimamishwe, zipu zivutwe mara nyingi, mambo na nguzo zihesabiwe. Likifika nyumbani, lipigwe uani na kumwagiwa maji ndoo kadhaa, na mtu mmoja akae ndani kutazama panapovuja. Kasoro iliyoonekana uani yaweza kurekebishwa, au hema likarudishwa kwa mwuzaji. Kasoro iliyoonekana nyikani, usiku wa Novemba, haina fundi.