USHINDI HAUNA BWANA MMOJA
(Hotuba kwa wanachama wa Busia na Malaba)



Kabla Kamati haijaandika taarifa ya madai yetu ya posho ya safari, naomba niseme machache juu ya sifa: apewe nani, na kwa sababu gani.

Mfano uko ng'ambo ya mpaka wetu. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa. Waliofanya sehemu kubwa ya kazi ni askari wa Tanzania, chini ya Meja Jenerali David Msuguri. Wengi wao walitoka Kagera kwa miguu. Pamoja nao walikuwako wanamgambo, polisi na askari magereza, na Waganda waliorudi kupigania kwao. Lakini aliyetangaza habari katika Redio Uganda alikuwa Mganda, Luteni Kanali David Oyite-Ojok. Siku mbili baadaye Yusuf Lule akaapishwa kuwa Rais. Mwalimu Nyerere alitaka Waganda waonekane kuwa wamejikomboa wenyewe.

Je, Msuguri alipungukiwa? Hata kidogo. Mwaka 1980 alifanywa Mkuu wa Majeshi. Na vita vilikuwa havijaisha: baada ya Kampala jeshi lilichukua Jinja, likaendelea mashariki hadi Tororo, jirani wa Malaba, na kaskazini hadi mpaka wa Sudan. Safari hiyo ilihitaji Waganda wa kuonyesha njia na raia wa kupokea jeshi kama ndugu. Nani angefanya hivyo kwa mgeni anayejisifu peke yake?

Basi, ndugu zangu, madai yetu yakifaulu, taarifa isiseme "Katibu ameshinda." Iseme madereva walisimama, na matanboi, na wapakizi wa mizigo, na akina mama wa hoteli waliotulisha kwa deni, na wenzetu wa upande wa Uganda waliokataa kuendesha magari yetu. Yaandikwe katika kitabu cha Chama. Asiyeandikwa siku ya sifa husahauliwa siku ya kugawa faida, na tukimwita tena hatakuja.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Naomba Kamati ipitishe jambo hili leo.